Sherehe ya mazingaombwe ya mtoto wa miaka 7: keki kubwa ya kofia, vitafunio vya nyumbani, au watoto wapambe biskuti wenyewe?

MamaNuru
Habari zenu wapendwa. Binti yangu anatimiza miaka 7 mwezi ujao na ameomba sherehe ya mazingaombwe: kofia ndefu zenye ncha, fimbo, nyota, vinywaji vya ajabu. Watoto watakuwa kama 15, tutakaa uani hapa Dar, kuanzia saa tisa alasiri. Vyakula nataka kuandaa mwenyewe.

Njia ninazozipima ni tatu. Ya kwanza ni keki moja kubwa yenye umbo la kofia, niipake siagi iliyopigwa na sukari. Ya pili ni vitafunio vyetu vya siku zote, yaani kashata, kaimati, bisi na ubuyu, nivipe sura ya kimazingaombwe. Ya tatu nioke biskuti tupu, watoto wapambe wenyewe mezani. Nina oveni ndogo ya umeme na jiko la mkaa. Nataka watoto washangae kwelikweli, picha nzuri peke yake hainitoshi. Mliowahi kufanya mnanishauri nini?

MpishiWaMvita
Dadangu, hongera kwa kumlea hadi hapo. Mimi napikia watu keki hapa Mombasa, kwa hivyo nianze na joto. Siagi huyeyuka kati ya nyuzi 32 na 35, na uani kwako alasiri ni huko huko. Kofia iliyopakwa siagi itateleza kabla mishumaa haijawashwa. Ukiitaka lazima, oka keki nzito ya siagi badala ya sponji, weka duara pana chini liwe ukingo wa kofia, pandisha duara tatu zinazopungua, kisha pitisha kijiti cha mshikaki katikati zisiyumbe. Paka rojo la chokoleti na krimu, na isitoke kwenye friji mpaka dakika ya kuletwa.

Lakini mimi ningekutengenezea kofia ndogo. Chukua koni ya aiskrimu, ijaze bisi na peremende mbili tatu, igeuze juu ya biskuti ya duara, gundisha kwa chokoleti iliyoyeyushwa na uipake yote. Kila mtoto anavunja kofia yake kuona kilichomo. Keki kubwa wataitazama mara moja tu kisha warudi mchezoni.

MwalimuKemia
Nafundisha kemia sekondari, na mshangao unaoutafuta uko kwenye choya, yale maua mekundu ya kutengenezea juisi. Chemsha kikombe kimoja cha choya kavu kwa lita moja ya maji, chuja, acha ipoe. Wekundu wake hutegemea asidi. Ukitia bekingi soda kidogo kidogo huku unakoroga, rangi inapita zambarau na kuishia kwenye ukijani mweusi. Kamulia ndimu, povu linapanda na wekundu unarudi, maana asidi ikikutana na soda hutoa gesi ya kabonidayoksaidi. Watoto wa miaka 7 wataomba urudie mpaka soda iishe. Kabichi ya zambarau nayo ni nzuri: maji yake yakipata ndimu yanakuwa ya waridi, yakipata soda yanakuwa ya buluu.

Hayo yote ni ya kuangalia. Ya kunywa usitie soda, itaharibu ladha. Gandisha choya yenye sukari kwenye vitrei vya barafu, kisha mpe kila mtoto glasi ya maji ya ndimu yaliyochujwa vizuri, aitumbukize barafu mwenyewe. Maji yanageuka mekundu taratibu mbele ya macho yake. Na tafadhali nunua bekingi soda ya kupikia, usichukue magadi ya kusafishia.

BabaWawili_Arusha
Mwalimu, vipi ile barafu kavu inayotoa moshi? Niliiona kwenye harusi, inapendeza sana.

MwalimuKemia
Kwa watoto hapana, ndugu yangu. Ile ni kabonidayoksaidi iliyogandishwa, baridi yake ni nyuzi 78 chini ya sifuri. Inaunguza ngozi, kipande kikimezwa ni hatari kubwa, na kwenye chumba kilichofungwa inasukuma hewa safi nje. Povu la soda na ndimu linatosha kabisa.

BintiUnguja
Mie nasimama na njia ya pili, na naisimamia kwa moyo wote. Watoto wetu wanakua wakidhani sherehe ni keki ya kuagiza kwa kilo, jamani! Kashata ya nazi ukiitia choya nzito badala ya maji inatoka na rangi ya waridi bila rangi ya dukani. Itandaze ingali moto kwenye sinia lililopakwa mafuta, ukate nyota haraka, ikishapoa itavunjika ovyo. Vileja vya unga wa mchele, samli na hiliki vifinyange mwezi mwandamo. Kaimati zikitoka kwenye shira zivingirishe kwenye ufuta mweusi, zipange kwenye kiota cha tambi zilizokaangwa, hayo ni mayai ya joka. Ubuyu utie kwenye vifuko vya kitambaa vyenye kamba, uandike "Mbegu za Mbuyu Usiolala". Mwenyewe nikiwa mtoto ningekipigania kifuko hicho.

MamaWaTatu
Mawazo mazuri, bi mdogo. Mimi naongeza la usalama. Kwenye sherehe wadogo zao huja pia, na aliye chini ya miaka 4 asipewe bisi, karanga wala mbegu za ubuyu, hupaliwa kwa urahisi. Waulize wazazi mapema nani hapatani na karanga. Na kadi iseme wazi kwamba ni michezo ya mazingaombwe na juisi za kubadilika rangi, ili bibi wa mtu asije akamzuia mjukuu.

BabaWawili_Arusha
Njia ya tatu isitupwe. Mtoto akipamba biskuti yake anatulia, na wewe unapata nafasi ya kuandaa vinywaji. Wagawe makundi ya watano, kila kundi na mtu mzima mmoja. Fimbo zao ziwe za matunda: nyota ya tikiti juu, vipande vya ndizi na nanasi chini yake, kwenye kijiti cha mshikaki ambacho ncha yake umeikata.

MpishiWaMvita
Kwa biskuti hizo usitumie siagi. Changanya gramu 200 za sukari ya unga na vijiko viwili vikubwa vya maji ya ndimu, inakauka ngumu, na haina yai bichi.

MamaNuru
Nawashukuru sana. Nimeamua: vitafunio vya BintiUnguja viwe msingi, choya ya Mwalimu iwe onyesho, kofia za koni kila mtoto na yake, na meza moja ya biskuti. Keki kubwa nimeiacha. Sasa nini nitangulize? Na mishumaa 7 naweza kuichomeka kwenye koni?

BintiUnguja
Biskuti na vileja siku tatu kabla, kwenye kopo linalofunga vizuri. Kashata siku mbili. Barafu ya choya usiku wa kuamkia sherehe. Kaimati na bisi asubuhi ile ile, maana unyevu wa pwani hulainisha bisi upesi. Kijazo cha koni kiwe peremende tu ukizitengeneza jana yake.

MpishiWaMvita
Kwenye koni usichomeke, mwaya. Ndani ni uwazi, mshumaa hausimami, na koni yenyewe inaungua. Oka keki moja ndogo ya bati la inchi 8, ipake chokoleti, mishumaa iwe hapo. Umeme ukikatika, tia mchanga mkavu kwenye sufuria kubwa, weka bati juu yake, moto mdogo chini na mkaa juu ya mfuniko. Usifunue kabla ya nusu saa.