Kwenye vitabu vyetu, kijana akikosea ni lazima afe?

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili bila kutukanana. Nafundisha Kiswahili katika sekondari moja ya serikali upande wa Temeke. Jumamosi asubuhi hubaki na wavulana wa kidato cha pili na cha tatu, kumi na mmoja au kumi na wawili hivi, tunasoma riwaya kwa kupokezana maana nakala ni tatu tu na moja haina jalada.

Wiki tatu zilizopita tulianza hadithi ya kijana aliyejiingiza kwenye unga. Hata sura ya pili hatujaifikia, mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, huyu anakufa ukurasa wa ngapi?" Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Nikamuuliza amejuaje kama atakufa. Akasema, "Wote huwa wanakufa. Mbona kaka yangu hajafa?"

Nilikuja kujua baadaye kwamba kaka yake ni mmoja wa wanaokwenda kila asubuhi kunywa methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuachana na unga. Huduma hiyo ilianza Muhimbili mwaka 2011, ikafika Mwananyamala, kisha Temeke, na kwa Dar hii si jambo geni tena: mtu aliyekuwa teja anaamka alfajiri, anakunywa dozi yake mbele ya muuguzi, anarudi kuosha magari. Mtu huyo sijakutana naye katika riwaya hata moja niliyowahi kuwasomea watoto hawa.

Sisemi hatuna riwaya zinazogusa maisha. *Watoto wa Mama N'tilie* ya Emmanuel Mbogo ni Dar tupu: mama anauza chakula, baba mlevi, watoto wanarudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Nimeifundisha miaka mingi na naipenda. Lakini tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne, na mvulana wa leo anakwamia kwingine. Hela ya nauli na chai anaiweka kwenye mkeka wa kubashiri mechi Jumamosi, au inamezwa na mashine ya kamari ya bonanza, Jumatatu anakuja kwa miguu. Anashawishiwa aache shule apewe bodaboda ya mkataba. Akikaa barazani jioni na wenzake watano, mtaa unamwita panya road, yaani mmoja wa magenge ya vijana wanaopora, hata kama hajawahi kuokota jiwe. Baba yupo, ila yupo kwa mke mwingine na hapokei simu. Haya hayaandikwi kwa ajili yake, na yakiandikwa, unamwona mwandishi kabisa akimngoja kijana ateleze ili apate kusema: si niliwaambia? Watoto wetu wananusa mahubiri kutoka mbali.

Marekani walilipitia hili zamani. Mwaka 1967 S. E. Hinton, binti wa Tulsa, alitoa *The Outsiders* akiwa na miaka 18. Alianza kuiandika ana 15, kwa sababu vijana aliowaona shuleni kwake hawakuwemo vitabuni. Humo kuna wavulana waliofiwa na wazazi, wanaopigana kimakundi, na mmoja anaua. Wapo wanaokufa, sikatai. Lakini msimuliaji, mvulana wa miaka 14, anabaki hai na mzigo wa yote yaliyotokea, na msomaji anabaki naye. Naye Walter Dean Myers, katika *Monster* ya mwaka 1999, alimsimamisha kizimbani mvulana wa miaka 16 wa Harlem, anashtakiwa kwa kushiriki mauaji. Mahakama inatoa uamuzi wake, ila wewe unafunga kitabu bado unajiuliza. Nawajua wavulana wangu, wangebishana wiki nzima.

Basi swali ni hili: shule na maktaba zetu zipokee riwaya za Kiswahili ambamo mvulana anakosea vibaya, halafu mwandishi hamuui wala hamfungi ili sisi wakubwa turidhike? Mimi nasema ndiyo, na tumechelewa.

Mchangiaji, mzazi, Mbagala

Mwalimu, kazi yako naiheshimu, lakini hapa tunapishana. Mwanangu ana miaka 15. Kamari anaiona, unga anauona, matusi anayasikia kwenye daladala asubuhi na jioni. Kitabu ndiyo mahali pekee palipobaki pasafi, na huko nako unataka kuyaingiza? Ukimwonyesha kijana aliyeuza unga na akabaki salama, umemfundisha nini? Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni kwa sababu za maadili, na wazazi wengi tulishukuru. Samaki mkunje angali mbichi. Akishakauka, hayo masomo yako ya Jumamosi hayatanisaidia, nitakuwa nalia peke yangu.

Mchangiaji, muuza vitabu vya mtumba, Posta

Mimi niseme la sokoni, niko barabarani na vitabu mwaka wa tisa sasa. Wavulana wa umri huo kusoma wanasoma. Zile hadithi za vipande vipande kwenye WhatsApp wanazinunulia bando. Kuna mmoja aliketi kwenye ndoo yangu, siku mbili, akamaliza kitabu kizima bila kukinunua, nikamwacha.

Ila mwalimu, umemwonea mwandishi. Mchapishaji anatafuta kitakachoingia kwenye orodha ya shule, maana ndiko kuna mauzo ya uhakika. Mwandishi naye anaijua orodha hiyo, na anajua ni mwisho wa namna gani utakaopita. Kijana anauawa kabla hata mswada haujatoka mezani.

Mchangiaji, bodaboda, Tandika

Niliachia shule kidato cha tatu. Vitabu vyote nilivyosomeshwa, anayeacha shule anakuwa mwizi. Mimi sijaiba. Nina mtoto darasa la nne na namsomesha. Siku mkipata kitabu cha mtu kama mimi niambieni, nitakinunua.

Mleta mada

Ndugu yangu wa Posta, umenirekebisha na nimekubali. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa mwaka 2023, ina riwaya na ina hadithi za watoto. Natamani waamuzi wake wamtazame huyu wa miaka 15 aliye katikati, ambaye hadithi ya sungura imeshamwisha hamu na riwaya ya mtu mzima haimhusu.

Mama yangu wa Mbagala, hofu yako ninayo na mimi, nina wa kwangu wa miaka 13. Lakini sikusema kijana abaki salama. Nilisema abaki hai. Kaka wa mwanafunzi wangu hayuko salama hata kidogo. Meno yamekwisha, mke aliondoka, na kila siku, iwe Idi iwe Krismasi, lazima awahi dirisha la dawa. Mtoto akisoma kwamba teja kafa, anajiambia yeye si mjinga kiasi kile, anafunga kitabu. Akisoma foleni ya alfajiri, mvua inanyesha na mtu anajikunyata na kikadi chake, hana pa kukimbilia, maana mtu huyo anamfahamu, anaishi nyumba ya tatu.

Na kuhusu marufuku, tukumbuke *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971. Nayo ilizuiwa mashuleni, miaka ikapita, ikaja kufundishwa humo humo, na wengine humu tumeijibia mitihani. Rosa naye, kama mnavyojua, hakuachwa hai.

Jumamosi iliyopita yule mwanafunzi alikuja na daftari. Kurasa nne na nusu, kalamu ya bluu, hakuna aya hata moja. Inaanza na kaka akimwomba mia tano ya nauli, na mdogo mtu anajua kabisa si ya nauli, lakini anaitoa. Nikamuuliza inaishaje. Akasema hajui, kaka bado anaendelea na dozi. Wenzake wanataka awasomee Jumamosi hii. Nimemwambia akamuulize kaka yake kwanza.