Modeli ya gari la Le Mans: 787B, 917 au R10? Nalipa Ijumaa

Kijana_wa_Sakina
Habari zenu wakuu. Kuna jamaa yangu anarudi kutoka nje wiki ijayo, kaniambia nimtumie hela kabla ya Ijumaa anibebee kitu kimoja tu. Nimebaki na tatu kichwani, zote zilishinda Le Mans, zile mbio za saa 24 za Ufaransa: Mazda 787B, Porsche 917 na Audi R10. Ipi kali? Naomba ushauri, si matusi.

PunjeYaMchele
Anabeba gari kwenye begi? Au mwenzetu unaongelea midoli?

Kijana_wa_Sakina
Modeli mkuu, ukubwa wa 1:18, yaani ndogo mara 18 kuliko gari halisi. Midoli ni ya watoto.

BintiKilindini
Umeleta nusu habari. Bajeti ni shilingi ngapi? Ni ya kwako au zawadi? Unataka inayofunguka uone injini au iliyozibwa? Na 917 ipi, maana zipo za mkia mfupi, za mkia mrefu, na rangi zake hazihesabiki. Jibu hayo kwanza.

MzeeWaPlagi
Maswali ya nini? 787B, funga mjadala. Injini yake R26B haina pistoni hata moja. Ina rota nne, vipande vya pembetatu vinavyozunguka badala ya pistoni, kila moja ujazo wa sisi 654, ukijumlisha unapata lita 2.6 tu, lakini inatoa farasi 700 ikizunguka mara 9,000 kwa dakika. Kila rota ina plagi tatu. Na kitu ninachokipenda kuliko vyote: mabomba ya kuvutia hewa yanarefuka injini ikiwa chini na kufupika ikipanda, kama mpiga tromboni anavyosukuma na kuvuta. Hiyo ni 1991, si jana.

Namba 55, rangi ya chungwa na kijani, madereva Weidler, Herbert na Gachot, mizunguko 362. Nyuma yao Jaguar tatu zimepanga foleni. Herbert alivyoshuka alianguka kwa kuishiwa maji mwilini, wenzake wakapanda jukwaani bila yeye.

Tope_na_Lami
Shikamoo mzee. Heshima yako ipo, ila simulia yote. Mazda ilikimbia na kilo 830, Mercedes na Jaguar zimebebeshwa kilo 1,000. Na iliyokuwa inaongoza ni Mercedes C11, mpaka ilipochemsha Jumapili mchana.

MzeeWaPlagi
Marahaba. Nani aliwakataza wao kutengeneza rota? Na mbio ni za saa 24. Gari ikichemsha kabla ya muda imeshindwa, haijaonewa.

Chuma_Chakavu
Ndiyo maana mwaka uliofuata wakaipiga marufuku. Wazungu wakifungwa wanahamisha goli.

Tope_na_Lami
Hii hadithi nimeichoka. Kanuni ya injini za pistoni za lita 3.5 ilikuwa imeshaandikwa kabla ya mbio za 1991. Mazda walijua kabisa huo ndio mwaka wao wa mwisho na ile injini, ndiyo maana walikuja na moto ule. Haikufungiwa kwa sababu ilishinda.

Chuma_Chakavu
Sawa wakili wa Le Mans.

Tope_na_Lami
Turudi kwenye hoja. Mimi kura yangu ni 917, na sababu ni wadudu. Msicheke. Mwaka 1969 ile gari ilikuwa jini. Ikishika spidi kubwa inayumba barabara nzima, madereva wazoefu wanaikwepa. John Woolfe, aliyeinunua kama mteja, alifariki nayo mzunguko wa kwanza kabisa wa Le Mans mwaka huo. Oktoba wakaipeleka kiwanja cha Österreichring, Austria, kuijaribu. Injini haina shida: silinda 12 zilizolala, lita 4.5, inapozwa kwa hewa, feni kubwa juu kama ya dari. Tatizo ni bodi. Sasa John Horsman, mhandisi wa timu ya John Wyer, akaitazama gari imerudi imejaa wadudu waliogongwa. Mbele wamejaa tele, kwenye mkia hakuna hata mmoja. Maana yake hewa inapita juu, mkia haiugusi kabisa. Wakachukua mabati ya alumini na riveti, wakaunda mkia mfupi ulionyanyuka, pale pale. Gari ikatulia. Hiyo ndiyo 917K.

Mwaka uliofuata Herrmann na Attwood wakaipa Porsche ushindi wake wa kwanza kabisa Le Mans. Mwaka 1971 Marko na van Lennep wakaenda kilomita 5,335 kwa chesisi ya magnesiamu, na rekodi hiyo ya umbali ilikaa mpaka 2010.

Kijana_wa_Sakina
Dah, hii ya wadudu imenigusa. Basi 917. Jamaa kanitumia picha ya ile ya bluu yenye mstari wa chungwa, rangi za mdhamini Gulf. Ndiyo iliyoshinda, siyo?

BintiKilindini
Siyo. 917 za Gulf hazikushinda Le Mans hata mara moja. Zilishinda Daytona, mbio za saa 24 za Marekani, 1970 na 1971. Ukitaka ya Le Mans, 1970 ni nyekundu na nyeupe namba 23, 1971 ni ya rangi za mdhamini Martini, namba 22. Watu wananunua bluu kwa sababu inapendeza, sikatai, lakini usije ukamdanganya mgeni sebuleni. Na bado hujajibu maswali yangu.

Kijana_wa_Sakina
Samahani dada. Bajeti laki nne. Ni zawadi ya mjomba wangu, anastaafu mwezi huu. Amekuwa fundi wa injini za dizeli za malori miaka thelathini.

PunjeYaMchele
😂😂😂 FUNDI WA DIZELI. Na hilo unalileta leo!

MashineKubwa
Nilikuwa nimekaa kimya mkao wa kula. Mjomba ni wa dizeli halafu mnampa rota? R10, bila kupepesa macho. V12 ya alumini, lita 5.5, tabo mbili, farasi 650, na msokoto (torque) unaozidi Nm 1,100, mpaka giaboksi ikapewa gia tano tu. Ndiyo dizeli ya kwanza kushinda Le Mans, 2006, Biela, Pirro na Werner. Ikarudia 2007 na 2008. Ile ya 2008 ndiyo tamu: Peugeot 908, dizeli mwenzake, ilikuwa na kasi zaidi kwa kila mzunguko, mvua ikanyesha, Kristensen, Capello na McNish wakaipiku. Halafu ilikuwa kimya, dereva haisikii injini vizuri, anaangalia taa ili ajue wakati wa kubadili gia. Mwambie mjomba hiyo uone uso wake.

MzeeWaPlagi
Gari la mashindano lisilo na sauti ni friji.

Bandari_Boy
Kabla hujatuma hela nisikilize. Mimi niliagiza Porsche 962 kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, simtaji. Picha safi kabisa. Ikakaa njiani miezi mitatu. Ilipofika nikaambiwa ushuru, nikalipa karibu nusu ya bei niliyonunulia. Nafungua boksi, bawa la nyuma limekatika vipande viwili. Nikajiona fundi, nikachukua supaglu. Bawa likashika, ila mvuke wa ile gundi ukapanda kwenye kioo kikawa cheupe kama cha bafuni, hauoni ndani tena. Nafuta, naongeza mikwaruzo. Halafu ndiyo nagundua hata kifuniko cha injini hakifunguki, ni rezini tupu, kipande kimoja. Nimeiweka juu ya kabati imegeukia ukutani. Kwa hiyo mwambie jamaa yako aibebe mkononi ndani ya ndege, na aulize kama ni ya chuma inayofunguka. Fundi wa miaka thelathini hataki gari asiloweza kufungua boneti.

BintiKilindini
Pole. Gundi nyeupe ya mbao ingetosha, ikikauka haionekani na haitoi mvuke.

Bandari_Boy
Ungeniambia miaka minne iliyopita.

Kijana_wa_Sakina
Jamaa anasema R10 aliyoiona haifunguki. 787B inafunguka nyuma lakini ni laki tano na nusu. 917 inafunguka, laki nne kamili, ila ni ya Gulf.

MzeeWaPlagi
Nakuongezea elfu hamsini kwa M-Pesa uchukue 787B. Sitanii.

Tope_na_Lami
Mzee ana ndoa na hii gari.

Kisauni_Rotari
Jamani nimeona mnaongelea rota. Nina Mazda RX-8, nayo ina injini ya rota, asubuhi inagoma kuwaka, ikipata moto inazima. Fundi anasema ni sili za rota, mwingine anasema koili. Kuna mtu anajua pa kupata sili hapa Mombasa?

MzeeWaPlagi
Pima mgandamizo kwanza, usinunue kitu. Na upime kwa kifaa cha rota, hiki cha pistoni kitakudanganya. Unaongeza oili mara ngapi?

Kisauni_Rotari
Oili inaongezwa?

MzeeWaPlagi
Mungu wangu. Rota inakula oili, lazima uongeze. Njoo inbox.

Kijana_wa_Sakina
Wakuu, Ijumaa ni kesho.