Tupeane uzoefu: suruali na gambuti za kuingilia mikokoni, Lamu hadi Mida

Bamvu_Mkanda: Masika haikati na kaa wanatembea. Wategaji na wakata boriti, mguuni mnavaa nini? Naanza mie. Jinzi hapana. Ikilowa ni mzigo, haikauki kutwa, na mshono wa mapajani ukishika chumvi unachuna ngozi. Teteroni nyepesi, pana magotini, ndiyo suruali. Ikamue, itandaze upepeni.

Ngalawa_Siyu: Jinzi hapana. Naunga mkono.

Mwana_Mida: Pindo ndani ya buti, kisha ukanda wa tyubu ya baiskeli, upana wa vidole viwili, chini kidogo ya goti. Tope haliingii.

Boriti_Moja: Utawaponza watu. Mvua huteremka na suruali ikajaa butini. Pindo likae nje.

Mwana_Mida: Nje linaburura tope na kunasa kwenye mizizi ya mchu, ile iliyosimama kama penseli. Nje ni kwa njia ya nyasi. Bwana, wewe wazungumzia shamba.

Boriti_Moja: Nazungumzia Manda. Ukifunga, maji yaliyokwisha kuingia yatatokea wapi? Lita moja ni kilo moja, na buti la gotini lachukua lita kadhaa.

Mtegaji_Dodori: Mwabishania pindo, na kinachoua ni kunasa. Ukingo wa mkondo, tope laini, mguu umezama hadi gotini na maji yanajaa. Ukivuta juu, chini ya soli hamna hewa, tope linafyonza. Ukikaza mguu wa pili upate nguvu, nao unakwenda. Siku za bamvu, maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, saa ya tatu na ya nne baada ya kupwa ndipo maji hukimbia. Basi usivute juu. Fungua ukanda. Lala kifudifudi, kumbatia mizizi ya mkoko, zungusha kisigino huku na huku mpaka maji yapenye ubavuni na tope liachie. Buti likikataa, toa mguu, buti liache. Ndiyo sababu namba izidi mguu wako kwa moja, na soksi iwe nene: buti lichomoke. Ukanda nao ufungwe fundo la kufunguka kwa kuvuta ncha. Mtumbwini vua kabisa. Ukipinduka, buti lililojaa halikuachi upige miguu.

Dada_wa_Pate: Ewe Mola. Hili wasomeeni vijana wote kabla hawajashuka.

Mwana_Mida: La fundo nimekubali, kaka. Pindo bado ni ndani.

Mzee_Kusi: Wanangu, mguu mtupu huhisi tope kabla halijakumeza.

Ngalawa_Siyu: Shikamoo mzee. Na chaza walioshika mizizi? Wanakata kama wembe, na kidonda cha tope la chumvi hakiponi upesi.

Mzee_Kusi: Marahaba. Kwenye chaza vaa. Lakini buti si kinga ya samaki taa. Mwiba wake hutoboa mpira. Buruta mguu mchangani, usiunyanyue, akimbie mwenyewe. Akikuchoma, tia mguu maji ya moto kadiri unavyostahimili, kisha hospitali.

Boriti_Moja: Jioni suuza ndani kwa maji baridi ya kisima, jaza magazeti, yabadilishe yakilowa. Kivulini, si juani wala jikoni, mpira hupasuka.

Bamvu_Mkanda: Langu linavuja na tundu silioni.

Mwana_Mida: Lijaze maji, lining'inize, futa nje pakavu. Tone litakapochungulia tia alama. Likauke, kwaruza kwa msasa, paka gundi ya tyubu, ngoja isinate kidoleni, ndipo ubandike kiraka.

Boriti_Moja: Na ukigandamize kwa jiwe usiku kucha.