Naomba ushauri: je, "mmweko" linafaa kwa nuru ya radi?

Ndugu wapenzi wa Kiswahili, salamu kwenu nyote. Ninaandaa somo la sayansi kwa watoto, na nimekwama kwenye sentensi inayoeleza kwa nini nuru ya radi huonekana kabla ya ngurumo kusikika, yaani nuru husafiri takribani kilomita 300,000 kwa sekunde ilhali sauti hupita hewani kwa mita 340 hivi tu.

Mwanzoni niliandika "umeme", lakini siku hizi neno hilo humpeleka msomaji kwanza kwenye nishati ya kuwashia taa. "Radi" hubeba pia pigo linalopasua miti, nami nataka nuru peke yake. "Mwako" nimeuacha, kwa kuwa hunipa picha ya moto unaoendelea kuwaka, na "kimulimuli" ni mdudu au taa inayowaka na kuzimika mara kwa mara. Limebaki "mmweko", yaani nuru ya ghafla, neno fupi ninalolipenda kwa dhati, ingawa mimi nimezoea kulisikia likitajwa pamoja na kamera.

Ninaomba mnisaidie kwa mambo mawili. Je, "mmweko wa radi" unasikika vyema masikioni mwenu? Na kwa upande wa kitenzi, nikiandika "umeme ulimweka" (kutoka "mweka", yaani kutoa nuru ya ghafla), mtoto hatadhani kwamba umeme ulimweka mtu mahali fulani? Kama hatari hiyo ipo, je, "ulimulika" unatosha kuonyesha ughafla wa nuru hiyo?

Nitashukuru sana kwa mifano ya matumizi mnayoyafahamu.