Mjadala: Fataki za mkesha wa Mwaka Mpya zirushwe Shela, au la?

Mwanzisha mada, Mkomani:

Assalaam alaykum, ndugu zangu wa Amu, yaani Lamu, na vitongoji vyake. Kaskazi imeshika, nyumba za wageni za Shela zimeanza kujaa, na baadhi ya wenye nyumba hizo wamependekeza kwamba usiku wa tarehe 31 Disemba, itimiapo saa sita, zirushwe fataki ufuoni kama ifanywavyo katika miji mikubwa ya dunia. Nimeona ni heri jambo hili lizungumzwe hadharani kabla kibali hakijaombwa, nami natangulia kusema kwamba siliafiki.

Silikatai kwa sababu sherehe hiyo ni ya wageni. Hoja hiyo naisikia barazani kila mwaka na sioni uzito wake, kwani mji huu umeishi kwa wageni tangu majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalipokuwa yakishuka na upepo huu huu. Ninalosema ni kwamba hao tunaotaka kuwaiga hawasherehekei kwa namna moja. Wahispania hula zabibu 12 usiku wa manane, moja kwa kila mlio wa saa. Wadenishi hupanda juu ya viti na kuruka chini mwaka unapoingia. Nchini Japani mahekalu ya Kibuddha hugonga kengele mara 108, na watu hula tambi ndefu za soba wakitarajia umri mrefu, ilhali Waitalia, ambao majirani zetu wa Malindi wanawajua kuliko sisi, hula dengu kwa matumaini ya kupata fedha. Waskoti walikuwa hawaipi Krismasi hata siku ya mapumziko mpaka mwaka 1958, kwa kuwa kanisa lao liliipinga tangu zamani, na shangwe yao yote wakaielekeza kwenye Mwaka Mpya. Wahabeshi wao hawashughuliki kabisa na tarehe zetu: Krismasi yao ni tarehe 7 Januari na mwaka wao huanza Septemba. Kila watu wametazama walichonacho kwao na desturi zao zilivyo.

Sisi tuna nini? Tuna mapaa ya makuti yaliyokauka, upepo wa kaskazi unaovuma bila kukoma, na vichochoro ambavyo ukikutana na punda aliyebeba matumbawe huna budi kujibana mlangoni mpaka apite. Gari la zimamoto litapitia wapi? Cheche moja ikitua juu ya paa la Shela, tutaizima kwa ndoo. Na punda wenyewe, ambao wengi hulala nje usiku, wakisikia mshindo watatimka katika vichochoro hivyo hivyo vilivyojaa watoto. Visiwa vya Galápagos vya Ekwado, ambavyo vinategemea watalii pengine kuliko sisi, vilipiga marufuku fataki za mishindo mwaka 2018 kwa ajili ya wanyama, na wageni hawakuacha kwenda.

Mfanyabiashara, Shela:

Wa alaykum salaam. Ndugu yangu wa Mkomani ameeleza vizuri, lakini ameeleza kama mtu ambaye mshahara wake hautegemei Disemba. Wiki hizi mbili ndizo zinazolipa wapishi, watumishi wa vyumba na manahodha wa mashua mpaka masika, wakati ambapo nyumba nyingi hufungwa kabisa. Mgeni ana pahali pengi pa kwenda. London imekuwa ikiuza tikiti za kutazama fataki ukingoni mwa mto Thames tangu mwaka 2014, na watu wananunua. Sydney hujaza bandari yake. Rio de Janeiro watu huvaa nguo nyeupe, huruka mawimbi saba, kisha huinua macho juu. Sisi tukimwambia mgeni aende akalale saa nne, mwakani atakwenda Diani au Zanzibar, na huko hatalala.

Kuhusu moto, Sydney na Rio hurusha fataki nyingi zikiwa juu ya matishari majini, mbali na mapaa. Mkondo baina ya Shela na Manda unatosha. Tena nauliza: huko Aisilandi vikosi vya uokoaji vya kujitolea ndivyo vinavyouza fataki, na faida yake ndiyo inayonunua sehemu kubwa ya vifaa vyao. Je, hatuwezi kufanya vivyo hivyo kwa boti ya uokoaji? Sote tunajua abiria wa Mokowe na Faza wanavyosafiri, na wangapi kati yao huvaa maboya.

Mkaazi wa Mokowe:

Naomba kuongeza jambo ambalo wakubwa zangu wawili hawajaligusa. Mimi ni Mkristo, na huku kwetu Mokowe, Hindi na Mpeketoni wengi wetu hatuhitaji fataki, kwa kuwa mkesha wetu ni kanisani. Watu huimba na kuomba mpaka mwaka uingie, kisha hunywa chai na kwenda nyumbani. Wasio na mkesha wamekwisha kupanda basi kwenda kwa wazazi bara, na nauli ya Disemba wanaijua.

Linalonitia wasiwasi ni mshindo. Juni 2014 Mpeketoni iliposhambuliwa waliuawa watu zaidi ya 60 huko na katika vijiji vya jirani, kisha ikaja amri ya kutotoka nje usiku, iliyowazuia hata wavuvi kwenda baharini. Kuna watu wazima hapa ambao hadi leo mlango ukibamizwa na upepo wanasimama wima. Sauti juu ya maji huenda mbali sana usiku. Atakayewasha fataki Shela saa sita, atampigia nani simu wa huku kwetu ng'ambo ya maji kumwambia kwamba ni furaha tu?

Nahodha mstaafu, Langoni:

Wanangu, nimewasoma nyote. Mwaka wetu wa asili hauanzi Januari. Wazee walihesabu kutoka Nairuzi, yaani siku ya kwanza ya mwaka wao, siku 365 kwa miongo ya siku kumikumi, na baharia alijua mwongo wa ngapi anaweza kung'oa nanga na wa ngapi avute chombo pwani. Makunduchi, Unguja, bado wanaukoga mwaka kila Julai: wanaume hupigana kwa mabua ya migomba, kibanda huchomwa moto, wanawake huimba, na mgeni hulipa nauli kwenda kuyaona hayo, wala hakuna fataki.

Lakini hata hii Januari ya watu tumekwisha kuipatia chetu, nashangaa hamjaitaja. Tarehe 1 kuna mashindano ya mashua Shela. Mgeni aliyekesha na aliyelala wote huja ufuoni. Tanga likijaa upepo, vijana hutambaa juu ya ubao uliotolewa upande wa joshi, yaani upepo unakotoka, wanne au watano, miguu inagusa maji, na nahodha akitaka kubisha, yaani kugeuza chombo upande wa pili wa upepo, huwapigia kelele warudi ndani kabla ubao haujahamishwa upande wa pili, na viroba vya mchanga vihamishwe pia. Akichelewa kidogo, chombo kinalala na mbio zake zimekwisha. Fedha za fataki, ambazo huungua kwa dakika kumi, zinatosha kutengeneza matanga ya vyombo kadhaa. Zawadi ya mshindi iongezwe, na mtaona wageni wanaongeza siku za kukaa badala ya kuondoka asubuhi na kichwa kinauma.

Mwanzisha mada:

Mzee wangu nahodha amenipa nguvu. Kwa mfanyabiashara nina maswali mawili tu. Tishari hilo litatoka wapi, na nani atalilipia siku ambayo kaskazi imechafuka na fataki haziwezi kuwashwa? Edinburgh, mji wa hao Waskoti, yenye uzoefu wote ule, ilifuta sherehe zake za nje za kuukaribisha mwaka 2025 kwa sababu ya hali ya hewa. Na kuhusu boti ya uokoaji, kama wenye nyumba wana nia hiyo, kwa nini isichangwe moja kwa moja katika hati ya malipo ya mgeni, bila kuchoma baruti?

Mfanyabiashara, Shela:

La tishari sina jibu leo. Nitauliza bei Mombasa. La mchango nalikubali na nitalipeleka kwa wenzangu, ijapokuwa wawili watatu najua watakataa. La mashua, mzee, nipe hesabu ya tanga moja jipya pamoja na kamba zake, nami nitasema ni vyombo vingapi tunaweza kuvichukua. Ila mgeni atakayeniuliza usiku wa manane kuna nini, bado sijapata cha kumwambia, na nyinyi hamjanipa.