Tofali zinatoa unga mweupe, niongeze saruji au nipige lipu tu?

Kijana wa Katoro: Wakuu, heshima kwenu. Niko Katoro, Geita, najenga vyumba vya kupangisha. Tofali nilizofyatua zinatoa unga mweupe, na kona ukiikwaruza kwa kucha inadondoka. Mfuko mmoja nimetoa tofali 35. Niongeze saruji, au nikipiga lipu zitatulia? Usingizi sipati.

Fundi Kombo: 35 ni nyingi. Na ulimwagilia vizuri? Vijana wa siku hizi wanamwagia asubuhi moja, wanapotea. Mimi kuna bosi alinilaumu kwa ukuta wa fundi mwingine, mpaka leo hajanilipa.

Mama Wawili: Choo ni cha ndani? Natafuta chumba huko.

Mpimaji: Mkuu, mchanga umetoa wapi?

Kijana wa Katoro: Mchanga wa kawaida tu, laini. Wa jirani.

Mpimaji: Jirani ana mto?

Kijana wa Katoro: Haya, ni marudio, mchanga uliobaki baada ya kuoshwa dhahabu. Lakini yameshapita kwenye vati, lile tangi la sayanaidi la kutolea dhahabu iliyobaki, mwenyewe alikuwa anatafuta pa kuyamwaga. Sayanaidi inaisha juani, kila mtu anajua. Bei ya tripu ya mchanga wa mtoni mnaijua? Na kuta zimefika kwenye lenta, sibomoi.

Mpimaji: Juani inapungua, ila ndani ya lundo inakaa. Zebaki ya mwaloni, kule wanakooshea dhahabu, ndiyo haiendi popote, na huenda mwamba wenyewe una arseniki. Kama mawe yalikuwa na salfa, ikipata hewa na maji inazaa asidi, inakula saruji, tofali inavimba. Cornwall, Uingereza, walijengea mabaki ya migodi karne iliyopita. Mpaka leo benki zinagoma kukopeshea nyumba za hivyo. Kuongeza saruji hakutibu hilo. Peleka sampuli kwa Mkemia Mkuu, wana maabara Mwanza. Lipu baadaye.

Mtumishi: Humo watalala watoto wa watu, wewe unawaza kodi. Mungu anakuona.

Mzee wa Karasha: Hii chai, leteni vitumbua. Marudio ya bure Katoro hii? Watu wanayauza, wananunua, wanarudia tena. Halafu ID yenyewe ya leo.

Kijana wa Katoro: ID mpya kwa sababu fundi wangu yumo humu. Nitunge ili nipate nini? Hayakuwa na kitu.

Mzee wa Karasha: Nani aliyapima? Vati za wenye haraka zinaacha mali nyingi. Tupia location, nije na karai.

Fundi Kombo: Umekwisha, mkuu. Watakubomolea bure.

Kijana wa Katoro: Mzee, njoo inbox. Tofali moja utanipa shilingi ngapi?