Naomba ushauri: Prado 95 ya 1998, niinyanyue au niiache ilivyo?

Wakuu habari zenu, nina Toyota Prado 95 ya 1998, injini 1KZ ya dizeli. Jumatatu mpaka Ijumaa naenda nayo kazini, Kibaha mpaka Posta, foleni kama kawa, wikiendi napandisha shamba Matombo. Masika hii imenitesa kweli, niliingia kwenye mifereji iliyochimbwa na malori, gari ikakalia tumbo, magurudumu yanazunguka tu na difu loki ya nyuma (ile ya kulazimisha magurudumu yote mawili yazunguke pamoja) sina. Vijana sita wakasukuma mpaka ikatoka, kuchungulia chini nakuta mpira wa drive shafti ya kushoto umechanika, grisi imetapakaa rimu nzima.

Springi za nyuma nazo zimechoka, nikijaza ndizi mkia unashuka kabisa. Fundi anasema aweke spesa (kipande cha kuinulia) juu ya springi zilezile, ipande inchi 2 kazi iishe. Mi naona hapana, springi iliyokufa ukiiwekea spesa bado imekufa, halafu mbele hii gari haina ekseli nzima, kila gurudumu lina shafti yake, ukiipandisha sana shafti zinakaa mshazari na mipira inachanika tena.

Nawaza springi na shokapu mpya za kuinua inchi 2, na tairi za A/T (za lami na njia mbovu) 265/75 R16, ndefu kidogo, badala ya hizi 265/70. M/T (za matope) sizitaki, kelele zake barabara ya lami kila siku siziwezi.

Walioweka 265/75, zinagusa madigadi ukikata kona yote? Mafuta yanaongezeka sana? Au hela yote nianze na rejeta, maana 1KZ ikichemka tu hedi (sehemu ya juu ya injini) inapasuka?